Tommy Flanagan, mpiga piano wa Ella

Wapenzi wengi wa jazi hulitaja jina la Tommy Flanagan kwa sababu ya wimbo mmoja tu, "Giant Steps" wa mpiga saksofoni John Coltrane, uliorekodiwa Mei 1959. Chodi za wimbo huo, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, hubadilika kwa kasi mno, na katika zamu yake ya piano Flanagan anaanza vizuri, kisha anapungukiwa na pumzi, anaacha mistari ya noti moja moja na kushika chodi tupu mpaka saksofoni inaporudi. Mimi huona si haki kumpima mtu kwa dakika hiyo moja.

Alizaliwa Detroit tarehe 16 Machi 1930, akaanza na klarineti kabla ya kuhamia kwenye piano. Masikio yake yalilelewa na wapiga piano Art Tatum, Teddy Wilson na baadaye Bud Powell, ambaye ndiye aliyeonyesha jinsi mkono wa kulia unavyoweza kukimbia kama saksofoni ya bibopu, ile jazi ya kasi iliyozuka miaka ya arobaini, huku wa kushoto ukidokoa chodi chache. Baada ya kulitumikia jeshi wakati wa vita vya Korea, alihamia New York mwaka 1956, na mwaka huohuo akarekodi na magwiji wa jazi Miles Davis na Sonny Rollins. Kwa kijana wa miaka 26, huo haukuwa mwanzo mdogo.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi aliitumia nyuma ya mwimbaji wa jazi Ella Fitzgerald, kwanza kati ya 1963 na 1965, kisha kuanzia 1968 hadi 1978. Wapo wanaoihesabu miaka hiyo kuwa ya kujificha. Nadhani hawajawahi kusikiliza kwa makini kazi ya kumsindikiza mwimbaji: unampa utangulizi unaomwonyesha noti yake ya kwanza bila kumtajia, unanyamaza anapolitamka neno lenye uzito, unajaza pale anapovuta pumzi, wala hulipigi lahani analoliimba, maana utamkaba koo. Na Ella hakuwa mwimbaji wa kufuatwa kwa kukariri, kwani alipoyaacha maneno na kuanza kubuni kwa silabi tupu, alikuwa akibuni kama mpiga tarumbeta, na mpiga piano asiyeijua bibopu angeachwa njiani.

Mwaka 1978 alipatwa na mshtuko wa moyo, akaachana na safari zile ndefu. Ndipo alipojenga vikundi vyake vya watu watatu, kwa miaka mingi akiwa na George Mraz kwenye besi, na mwaka 1982 akairudia "Giant Steps" katika albamu nzima ya nyimbo za Coltrane, safari hii bila haraka yoyote vidoleni. Alifariki New York mwezi Novemba 2001.

Albamu yake ninayoirudia zaidi ni ile ya miaka ya tisini aliyomtolea Ella. Nyimbo ni za Ella, mapumziko ya pumzi yake bado yamo, ila mwimbaji hayumo.