Kazi ya Kwanza ya Muuguzi: Uliza Utakuwa na Nani Usiku

Kila mara vyuo vya afya vya Kanda ya Ziwa vinapotoa wahitimu wapya, wadogo zangu wa Mwanza, Sengerema, Magu na Ukerewe huniuliza jambo moja: ni wapi wanaajiri wauguzi? Ni swali la haki, kwa kuwa wazazi wameuza ng'ombe na mpunga ili kulipa ada, na nyumbani kila mtu anausubiri mshahara wa kwanza. Hata hivyo, ningependa kila mhitimu aongeze swali la pili kabla ya kusaini mkataba wowote: nitakapopangwa zamu ya usiku, nitakuwa na nani? Nimefanya kazi kwa miaka kadhaa katika wodi ya wazazi, na ninaamini kwamba jibu la swali hilo, kuliko mshahara na kuliko jina la hospitali, ndilo linaloamua kama mhitimu atakuwa muuguzi anayejiamini au atakuwa mtu anayeiogopa kazi aliyoipenda.

Katika miaka 3 ya stashahada mwanafunzi huzalisha, huweka kanula (mrija mdogo wa mshipani), huchoma sindano na kufunga vidonda, lakini nyuma yake daima yupo mtu mwingine anayebeba dhamana. Siku leseni inapotoka, dhamana hiyo inamhamia yeye, ilhali mikono yake ni ileile ya jana. Mama aliyejifungua salama saa nane usiku anaweza kuanza kuvuja damu dakika chache baadaye. Chuoni tulifundishwa kwamba damu inayofikia mililita 500 baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida ni dharura, lakini damu iliyolowa kwenye kanga na shuka haina mistari ya kipimo, na jicho la kuikadiria hupatikana kwa kusimama karibu na mkunga aliyekwisha kuiona mara nyingi. Wakati huohuo tumbo la uzazi linatakiwa kusuguliwa, oksitosini (dawa ya kulibana tumbo hilo) ichomwe, kibofu kihakikishwe kuwa kitupu, dripu zifunguliwe, kondo likaguliwe kama limetoka lote, daktari apigiwe simu, na pengine mtoto naye hajalia, na dakika yake ya kwanza ndiyo ya kumsaidia kupumua. Mtu mmoja hawezi kuyafanya hayo yote kwa pamoja. Watu wawili wanaweza, ikiwa mmoja wao ni mzoefu.

Kabla ya kufika huko kuna suala la nyaraka, ambalo nitalipitia kwa ufupi. Kufaulu mitihani ya chuo hakumfanyi mtu kuwa muuguzi mbele ya sheria. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inataka asajiliwe na apewe leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na mwajiri anayekwambia uanze kazi huku leseni ikifuatiliwa baadaye anakuweka wewe hatarini, si yeye mwenyewe. Hakikisha pia kwamba majina yako yanafanana katika cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, cheti cha chuo na kitambulisho cha taifa. Huku kwetu Usukumani ni kawaida mtoto kuandikishwa shule kwa jina la babu na baadaye kutumia jina la baba, na wapo wahitimu wazuri ambao maombi yao yalikwama kwa sababu hiyo tu. Jambo hilo lishughulikiwe mapema kwa hati ya kiapo, kabla tangazo la ajira halijatoka, kwa kuwa tangazo likishatoka muda wa kutuma maombi ni mfupi.

Ajira za Serikali hutangazwa kwa awamu, na maombi hutumwa kwa mtandao. Kada hutajwa kwa majina yake: Muuguzi kwa mwenye cheti, Afisa Muuguzi Msaidizi kwa mwenye stashahada na Afisa Muuguzi kwa mwenye shahada. Kati ya awamu moja na nyingine kusubiri kunaweza kuwa kurefu, na katika kusubiri huko ndipo wahitimu wengi hufanya uchaguzi ambao hakuna aliyewaandaa kuufanya. Mwenye shahada ana afadhali, kwa kuwa baada ya chuo hupitia mwaka mzima wa utarajali hospitalini chini ya uangalizi. Mwenye stashahada na mwenye cheti hawana mwaka huo. Kwao, kazi ya kwanza ndiyo utarajali wao, hata kama hakuna mtu anayeiita hivyo.

Wengi wanapofikiria Mwanza huiona kwanza Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando pale juu kilimani, iliyofunguliwa mwaka 1971, ikiwa na vitanda zaidi ya 900 na wagonjwa wanaoletwa kutoka mikoa yote inayotuzunguka, kisha huifikiria Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure. Ni mahali pazuri pa kujifunza, na anayepata nafasi asisite. Lakini nafasi ni chache kuliko waombaji, na nimeona watu wakikaa nyumbani muda mrefu kwa kungoja majengo hayo mawili tu, wakati hospitali za mashirika ya dini kama zile za Sengerema na Sumve zina historia ndefu ya kuwalea wauguzi. Katika hospitali za aina hiyo wapo watumishi wanaolipwa na Serikali na wapo wanaolipwa na hospitali yenyewe, kwa hiyo ni vyema kumuuliza katibu wa hospitali moja kwa moja, kwa barua iliyoandikwa vizuri na kupelekwa kwa mkono.

Zahanati binafsi ndizo zinazoajiri haraka zaidi, na hapa ndipo moyo wangu unapouma. Zipo zenye uongozi mzuri, nazo nazisifu. Lakini nilipohitimu niliitwa kwenye zahanati moja ya pembezoni mwa jiji, ambako mwenye nayo alinieleza kwa upole kabisa kwamba nitalala pale peke yangu, nitapokea wagonjwa, nitawaandikia dawa, na tabibu atapita asubuhi kuweka sahihi kwenye daftari. Mshahara ulikuwa mzuri kwa mtu asiye na kitu. Niliomba nipewe muda wa kufikiri, na jioni nikampigia simu mwalimu wangu wa ukunga, ambaye aliniuliza jambo moja tu: mtoto akiletwa saa tisa usiku akiwa na degedege la malaria, utamwita nani? Sikuwa na jina la kumtajia, na kesho yake niliikataa ile kazi. Mama yangu alisikitika sana, na sikumlaumu, kwa sababu yeye aliona mshahara uliopotea, na mimi sikuweza kumwonyesha yule mtoto ambaye angeletwa.

Badala yake nilikwenda kujitolea katika kituo cha afya cha Serikali, nikipewa posho ndogo isiyotabirika, na nauli ya daladala kutoka Buhongwa nikisaidiwa na kaka yangu. Sitaki kuipamba hali hiyo. Kumtumia muuguzi mwenye leseni kwa miezi mingi bila malipo ya maana si haki, na anayetoka familia isiyo na kaka wa kumlipia nauli hawezi kabisa kuimudu njia hiyo. Lakini pale kituoni nilimkuta mkunga mmoja, mama aliyekaribia kustaafu, ambaye hakuniacha peke yangu. Kila tulipomaliza kuzalisha alinitaka nitaje kwa macho kiasi cha damu iliyotoka, kisha tukapima shuka na pedi kwenye mizani na kutoa uzito wake zikiwa kavu, maana gramu moja ya damu hukaribiana na mililita moja. Mwanzoni nilikuwa nikitaja kiasi kidogo kuliko kilichokuwepo, na baada ya muda macho yangu na mizani vilianza kukubaliana. Alinifundisha kuijaza patografu, ile chati ya maendeleo ya uchungu, saa ileile ninapompima mama, mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, badala ya kuikamilisha kwa kumbukumbu wakati wa kukabidhi zamu. Alinifundisha pia kuwasalimu kinamama wa kutoka Misungwi na Kwimba kwa Kisukuma kabla ya kuwagusa, na niliona jinsi walivyolegea na kuanza kueleza mambo ambayo kwa Kiswahili hawakuyasema.

Kwa hiyo unapoitwa kwenye usaili, au unapoomba kujitolea, uliza. Uliza ratiba ya zamu inapangwaje na muuguzi mpya hukaa na mzoefu kwa muda gani kabla ya kuachwa peke yake. Omba uonyeshwe chumba cha kujifungulia, uangalie kama kifaa cha kumsaidia mtoto mchanga kupumua kipo mahali pa kufikika, kama oksitosini inahifadhiwa kwenye jokofu linalofanya kazi na kama magineziamu salfeti ya kifafa cha mimba ipo. Kama unajitolea, omba barua inayotaja tarehe ya kuanza, majukumu yako na jina la msimamizi wako. Mganga mfawidhi (mkuu wa kituo) anayejali hataudhika kwa maswali hayo. Anayeudhika amekwisha kukupa taarifa uliyoihitaji.

Najua kwamba anayepangiwa kituo na Serikali hachagui. Anaweza kupelekwa kwenye zahanati ya kisiwa cha Kome, au ya Ukara, ambako wauguzi ni wachache na rufaa inategemea boti, upepo na mafuta. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3 na lililozinduliwa mwaka 2025, limewaondolea wagonjwa wa Sengerema kungoja kivuko, lakini visiwani maji bado ni maji. Aliyepangiwa huko aende, kwa sababu mama wa kisiwani anastahili mkunga kama mama wa Nyamagana. Ila wiki ya kwanza, kabla hajapanga vyombo vyake, atafute namba za simu za mkunga mwenye uzoefu katika kituo cha afya kilicho karibu, za dereva wa boti na za mratibu wa huduma za uzazi wa wilaya, azibandike ukutani, na ampigie huyo mkunga siku za kawaida pia, wasije wakafahamiana kwa mara ya kwanza siku ya dharura. Kinamama wenye dalili za hatari awashauri wavuke mapema, wakakae karibu na hospitali wakisubiri uchungu.

Nanyi wafawidhi, matroni na wauguzi viongozi wa kanda hii, nina ombi moja. Mnapopanga ratiba ya mwezi ujao, liangalieni jina la aliyeripoti juzi, na katika miezi yake ya kwanza mwandikeni usiku pamoja na mtu ambaye amekwisha kuisimamisha damu kwa mikono yake. Najua watumishi hawatoshi, kwa kuwa ratiba hizo nami huziandika. Ninapokosa mzoefu wa kumpangia, mimi mwenyewe huingia usiku huo, na mchana unaofuata hubaki bila msimamizi.