Saa Saba ya Kilindoni

Boti ya kwenda kumtazama samaki iliondoka Kilindoni, kisiwani Mafia, saa moja asubuhi. Mimi nilifika ufukweni saa sita na nusu mchana, miwani ya kuzamia shingoni, nikijisifu kwa kuwahi nusu saa nzima.

Ujumbe uliotoka kwenye tovuti ya kukatia safari ulisema: "Saa 7:00, Kilindoni." Haukusema asubuhi wala mchana. Mtu wa Tanga akisoma saa saba anajua jua liko utosini. Aliyeunda mfumo alikuwa na saa ya Kizungu kichwani, mashine ikatafsiri neno lakini namba ikaiacha ilivyo. Fedha haikurudi, kwa kuwa masharti yanasema asiyetokea amepoteza. Nilipiga simu, nikajibiwa kwa upole mwingi kwamba mfumo ndio unaoamua. Kesho yake nililipa tena, mara hii taslimu mkononi mwa nahodha, na bei ikashuka karibu robo maana hapakuwa na cha kukatiwa na tovuti. Nililipia samaki mmoja mara mbili, na nafuu niliipata kwenye malipo ambayo sikutakiwa kuyafanya.

Samaki mwenyewe ni potwe, papa mkubwa kuliko samaki wote. Kenya wapo wanaomwita papa shilingi, kwa sababu ya madoa meupe mgongoni, kana kwamba Mungu alimmwagia sarafu. Kwa Mafia msimu wake ni kaskazi, kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi. Huja upande wa magharibi wa kisiwa, si mbali na gati, akifuata uduvi. Kusi likianza bahari inachafuka na wageni wanapungua. Namna ya kufika haina mengi: gari kutoka Mbagala Rangi Tatu, kona ya Bungu, vumbi hadi Nyamisati, halafu maji. Chumba cha Kilindoni kilikuwa na chandarua chenye tundu la kupitisha mbu na nduguze wote.

Jioni ile ya saa saba yangu nilikaa na nahodha chini ya mkungu. Nilipomweleza yaliyonipata hakucheka. Alifungua daftari lake la potwe aliowaona, lenye jalada la nailoni, akanionyesha safu ya muda: "saa 3", "saa 4", "saa 3 na nusu". Msimu mmoja alikuja kijana wa kujitolea kuingiza daftari lile kwenye kompyuta, akaandika 03:00, 04:00, 03:30.

"Mwanangu," akasema, "kwenye mashine ile potwe wangu wote walionekana usiku wa manane."

Kibaya ni kwamba kosa hilo halijipigii kelele. Usiku baharini kuna taa za wavuvi, kuna dagaa na uduvi, na mtu aliyeko mbali akiona potwe wa saa tisa za usiku anaweza kabisa kusadiki na kuandika sura nzima juu ya lishe ya usiku. Dawa yake ni ndogo, nayo sasa nahodha anaitumia: anaandika "3 asubuhi" na pembeni yake "09:00", yote mawili katika mstari mmoja. Yakipingana, mstari huo hauingizwi hadi aulizwe aliyekuwa botini.

Muda si mtego pekee, mahali pana mitego zaidi. Kilindoni iko takriban nyuzi 7.9 kusini na 39.65 mashariki. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo namba ya kwanza lazima iwe na alama ya kutoa. Ukiisahau, potwe wako anaogelea Ethiopia, mbali na maji ya chumvi. Ukibadilisha nafasi za namba mbili, alama ya kutoa ikiifuata 7.9, anatokea Ureno, tena bara. Makosa hayo mawili hugundulika kwa kuitazama ramani mara moja. La hatari ni la tatu: kifaa kinaonyesha nyuzi 7 na dakika 55, mtu anaandika 7.55. Dakika 55 ni sehemu 55 za 60, kwa hiyo jibu sahihi ni 7.92. Kosa hilo linamhamisha samaki zaidi ya kilomita 40 kuelekea kaskazini, naye bado yuko baharini, hakuna atakayeshtuka.

Asubuhi ya pili tuliondoka saa moja ya kweli. Potwe wa kwanza alipatikana karibu na mashua za wavuvi wa dagaa, mdomo wazi, akinywa bahari kama mtu anywaye uji wa moto, taratibu. Hapa ndipo wageni wengi hupata picha mia na wasipate kitu.

Madoa ya kila potwe ni yake peke yake. Mwaka 2005 watafiti Arzoumanian, Holmberg na Norman walichapisha njia ya kuyalinganisha kwa kompyuta, wakitumia hesabu ambayo mwanasayansi Groth aliitunga mwaka 1986 kwa ajili ya kulinganisha ramani za nyota. Mashine huunganisha madoa matatu matatu kuwa pembetatu, kisha hutafuta pembetatu zinazofanana katika picha za zamani. Picha hizo hukusanywa kwenye hifadhidata iitwayo Sharkbook, na mtalii yeyote anaweza kupakia yake.

Lakini mashine haitaki mdomo wala mkia, wala wewe ukitabasamu mbele ya samaki. Inataka ubavu, hasa wa kushoto, kuanzia mwanya wa tano wa matamvua hadi usawa wa mwisho wa pezi la kifuani. Uwe sambamba naye, kamera ikimtazama moja kwa moja. Ukipiga ukiwa nyuma yake, pembetatu zinabanana na hazilingani na chochote. Piga na ubavu wa kulia pia, ila usiudhani ni kioo cha kushoto, kwani madoa ya pande mbili ni tofauti. Usitumie mwanga wa kamera: unamsumbua samaki, na vijidudu vya majini vinang'aa hadi hujui lipi doa lipi uduvi. Kaa mita 3 kutoka mwilini na 4 kutoka mkiani. Kwa umbali huo ubavu unaotakiwa unaingia wote kwenye picha bila taabu. Ukipita chini, tazama nyuma ya tumbo: dume ana vijiti viwili kando ya mapezi ya chini. Urefu ukadirie kwa boti ambayo urefu wake unaujua. Macho ya mtu aliyeingia majini kwa mara ya kwanza huongeza mita tatu bure.

Wenye simu ndani ya mfuko wa plastiki wapate onyo: kioo cha simu hakisikii kidole chini ya maji. Weka kitufe cha sauti kiwe cha kupigia picha, ujaribu ukiwa kavu. Kamera kwanza ipige picha ya saa ya simu, ionekane na tarehe. Kamera nyingi za wageni bado ziko kwenye saa za Ulaya, nyingine zilizimika betri zikarudi kwenye tarehe ya kiwandani. Ukiwa na picha moja ya saa sahihi, unazisogeza zote kwa tofauti ileile.

Pigo la mwisho hutokea jioni, watu wanapotumiana picha kwenye kundi la simu. Programu hizo huibana picha na kufuta taarifa zilizomo ndani ya faili: tarehe, saa, mahali. Itume kama faili, si kama picha. Ndiyo, inakula bando, na bando la Mafia liliniuma kuliko samaki wa kupaka niliyekula kwa bei ya mbuzi. Nilisubiri usiku wa manane, mtandao ulipotulia, nikapakia picha kumi na moja tu. Zilizofaa zilikuwa nne, na nzuri kuliko zote aliipiga kijana wa botini kwa simu yangu.

Kuhusu kuweka picha mtandaoni nina neno. Saa ileile tukiwa majini, abiria mmoja alirusha picha na alama ya mahali hasa tulipo. Sijui kama ndiyo iliyowaita, lakini muda si mrefu boti sita zilimzunguka samaki mmoja, akazama zake. Kuirusha kesho yake kungetosha, na neno "Mafia" lingetosha. Tena wageni wengi hutoa nyota tano kwa nahodha aliyewasogeza hadi wakamgusa samaki, na nyota mbili kwa aliyewakataza. Nyota hizo nazo ni data, na zinamfundisha nahodha kazi mbaya.

Daftari la nahodha lina kitu ambacho sikukiona kwenye tovuti yoyote ya kukatia safari: siku tupu. "Muda wa saa nne majini, hakuna." Bila mistari hiyo, potwe kumi wa Desemba na watatu wa Machi hawakuambii lolote, kwani huenda Machi boti zilitoka mara chache tu. Gawa idadi kwa saa za kutafuta, ndipo ulinganishe. Na hata hapo, kutoonekana si kutokuwepo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliotumia vifaa vya kunasa sauti za vidude walivyovishwa potwe wa Mafia, ulionyesha kuwa wengi wanabaki mwaka mzima. Nje ya msimu husogea mbali kidogo na ufukwe, kwenye kina zaidi, macho yasikofika.

Hapo nilikumbuka kwetu. Tanga tuna silikanti, samaki wa kale, na hifadhi ya bahari yenye jina lake tangu 2009. Anaishi kwenye kina ambacho hakuna mgeni wa miwani na mrija atakayemwona, na kumbukumbu zake nyingi zilianzia kwenye nyavu, samaki akiwa amekwisha kufa. Sijui mtalii wa Tanga angepakia nini. Labda siku tupu.

Tiketi ya kurudi Nyamisati iliandikwa "saa 10:00". Nilirudi dirishani.

"Kaka, hii kumi ya alfajiri au ya jioni?"

"Maji yakijaa," akasema, akaita anayefuata.