Mbegu ya Fuwele Huzaa kwa Kugongwa

Barabara itokayo Malindi kuelekea Garsen hupita Gongoni na Marereni, ambako maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana na kuachiwa jua na upepo viyakaushe hadi chumvi ionekane. Wengi wanaoyatazama mabwawa hayo huamini kwamba chumvi hujitokeza yenyewe maji yanapopungua. Imani hiyo si kosa, ila inaacha jambo ambalo viwanda vya chumvi, sukari na dawa hulishughulikia kila siku: fuwele nyingi, yaani punje ngumu ambazo chembe zake zimejipanga kwa utaratibu, hazianzi kutoka patupu, bali huzaliwa na fuwele zilizotangulia.

Katika joto la nyuzi 25 za selsiasi, gramu 100 za maji huyeyusha takriban gramu 36 za chumvi. Yakikolea kupita hapo, chumvi inapaswa kutoka, lakini haitoki papo hapo. Kijipande cha kwanza kinachojikusanya ni kidogo mno, na sehemu kubwa ya chembe zake ziko usoni, zikiwa hazijashikwa pande zote, kwa hiyo huyeyuka tena kabla hakijakua. Ni pale tu kinapobahatika kufikia ukubwa fulani ndipo kukua kunapokuwa rahisi kuliko kuyeyuka. Kwa sababu hiyo, myeyusho safi uliotulia waweza kukaa muda mrefu umekolea kupita kiasi bila kuonyesha dalili yoyote.

Mbegu, yaani fuwele ndogo iliyokwisha kuundwa, ikitiwa katika myeyusho wa namna hiyo, kazi yake ya kwanza inajulikana: chembe hupata uso uliokwisha kupangika, zikajipachika juu yake. Kazi ya pili haisemwi sana, nami naiona kuwa ndiyo yenye uzito zaidi kiwandani. Myeyusho unapokorogwa, fuwele hugonga pangaboi la kukorogea, hugonga kuta za tangi, na hugongana zenyewe kwa zenyewe. Kila mgongano waweza kumwaga vipande visivyoonekana kwa macho, na vile vyenye ukubwa wa kutosha huwa fuwele mpya. Pangaboi la chuma huzalisha vipande vingi kuliko lililofunikwa kwa plastiki laini, na kuongeza kasi ya kukoroga huzidisha uzazi huo.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ulitolewa mwaka 1990 na Dilip Kondepudi na wenzake nchini Marekani. Walitumia klorati ya sodiamu, ambayo fuwele zake huwa za aina mbili, ya kushoto na ya kulia, kila moja ikiwa taswira ya mwenzake kiooni. Myeyusho ulipoachwa utulie, aina hizo mbili zilitokea kwa idadi inayokaribiana. Ulipokorogwa, karibu fuwele zote za chombo kimoja zilikuwa za aina moja, ingawa chombo cha pili kingeweza kutoa aina nyingine. Fuwele iliyotangulia ilivunjwavunjwa na kukoroga, na vipande vyake vikaujaza myeyusho kabla fuwele ya aina ya pili haijapata nafasi. Sioni maelezo mengine yanayotosha.

Katika sukari, uzazi huo hugeuka kuwa jambo la kuzuiwa. Mpishi wa sukari hutia mbegu zilizosagwa laini na kuchanganywa na spiriti, ambamo sukari haiyeyuki kwa urahisi, wakati shira imekolea kiasi cha kukuza fuwele lakini haijafika kiwango cha kujizalia yenyewe. Mbegu yenye upana wa milimita 0.01 ikikua hadi milimita 0.6, uzito wake huongezeka mara 216,000. Kwa hesabu hiyo, gramu 5 hivi za mbegu zingetosha kwa tani nzima, ilimradi zote zisalimike na pasizaliwe nyingine. Hapo ndipo penye shida. Shira ikikolezwa kwa pupa, au ikikorogwa kwa nguvu, fuwele ndogondogo ambazo hazikukusudiwa hutokea katikati ya zile kubwa, na baadaye huziba nafasi ambazo shira ingepitia ndani ya mashine inayozunguka kwa kasi ili kuitenganisha na sukari. Mpishi akiziona mapema, hutia maji kidogo au hupandisha joto mpaka zile ndogo ziyeyuke, kisha huanza tena kukoleza shira, safari hii polepole.