Kidole cha Mama

Jumamosi paa lilivuja tena ile kona, ikabidi tulitoe nje sanduku la bati la mama na kuanika vilivyomo. Binti yangu ndiye aliyeiona karatasi, imekunjwa mara nne ndani ya kilemba.

"Baba, hiki kidole cha nani?"

Ni cha bibi yako. Juni 2010, Mbeya mjini, baridi ya kupasua midomo. Tulitoka Tukuyu alfajiri na Kosta ya kwanza, mama kajifunika khanga mbili juu ya sweta, anakohoa njia nzima. Kifua kikuu kilishaonekana kwenye makohozi, na tulisikia kuna utafiti unaotafuta wagonjwa wa kujitolea. Uliitwa REMoxTB. Walitaka kujua kama dawa ya moksifloksasini ingeweza kufupisha matibabu kutoka miezi 6 hadi 4. Majirani walishatuonya kwamba huko damu inachukuliwa ikauzwe. Sikuwasikiliza. Nilichotaka ni mama aache kukohoa.

Nesi alitusomea fomu ya ridhaa ukurasa kwa ukurasa. Kiswahili cha mama kilikuwa cha sokoni, kwa hiyo kila aya naigeuza Kinyakyusa. Utatolewa damu. Utaleta makohozi ya asubuhi. Nauli utarudishiwa. Unaweza kujitoa siku yoyote na bado ukatibiwa. Yote nikayafikisha. Kisha akafika pale penyewe: kompyuta inagawa wagonjwa makundi 3, na wewe hutajua uko lipi, hata daktari hajui. Kundi moja linameza dawa za kawaida miezi 6. Mengine mawili yanapewa dawa zenye moksifloksasini kwa miezi 4, halafu miezi 2 ya mwisho vidonge visivyo na dawa ndani, ili wote wafanane.

Nikamwambia mama, "Utameza dawa miezi sita." Basi.

Mama akamwangalia nesi, akaniangalia mimi.

"Mwanangu, mwenzako ameongea sana, wewe umeongea kidogo. Umeruka nini?"

Nesi alikuwa ameshaifungua kalamu. Akaiweka mezani, akasubiri. Nilimweleza mama lile nililolificha, na kwa kuwa sikuwa na neno la kidonge cha namna hiyo, nikasema ni kama ganda la karanga lisilo na punje.

"Na ugonjwa ukirudi wakati nameza maganda?"

Nikaligeuza swali. Nesi hakuharakisha. Alisema watamfuatilia hadi miezi 18 tangu aanze dawa, na ugonjwa ukirudi atatibiwa upya. Mama akakaa kimya muda mrefu. Nje kuna mtu alikuwa anakohoa, kikohozi kile kile cha kwetu. Kisha akanyoosha mkono.

Kidole gumba chake kilikuwa kimeshalainika kwa miaka ya kuchuma chai. Alama ya kwanza ilitoka doa jeusi tupu. Nesi akakifuta kwa pamba yenye spiriti, akakishika kwa mikono miwili kama anayeshika kifaranga, akakibonyeza tena. Safari hii ikatoka mistari michache, na katikati kovu la kisu cha kumenyea ndizi. "Ndaga," mama akasema, yaani asante. Mimi nikasaini chini yake, sehemu ya shahidi, kwamba ameelezwa yote na ameelewa. Sijawahi kuandika jina langu kwa uzito ule.

Miezi ikaenda. Mkojo wa rangi ya chungwa ulimtisha wiki ya kwanza, akazoea. Makohozi yakawa safi, akarudi shambani.

Majibu yalitoka 2014. Wagonjwa walikuwa 1,931 kutoka nchi 9, Tanzania ikiwemo. Dawa ile ilisafisha makohozi mapema, lakini kwa waliotibiwa miezi 4 ugonjwa ulirudi kwa wengi zaidi, kwa hiyo miezi 6 ikabaki. Nilimweleza mama akiwa jikoni, anachochea moto. Aliuliza kitu kimoja tu: wale waliorudiwa, je, walikuwa na mtu wa kuwageuzia maneno yote?

Nilitoka nje nikaenda kupasua kuni.

Mwaka 2021 utafiti mwingine, uliochanganya moksifloksasini na dawa nyingine ya kifua kikuu, rifapentini, ulionyesha kwamba miezi 4 inawezekana. Mama alishafariki. Nilitamani sana kumwambia.

Binti yangu alinisikiliza hadi mwisho, karatasi ikiwa bado mkononi mwake.

"Kwa hiyo bibi alimeza maganda?"

"Sijui, mama. Hatukuwahi kujua."

Akaigeuza karatasi, akatazama upande wa nyuma.