Hela ya sapulaya ndiyo inayopikwa kwenye vitabu

Watu wengi wakisikia supamaketi kubwa imeyumba kwa sababu ya kupika hesabu wanachukulia ni mambo ya mabosi huko juu, kuna mtu kala hela, watamalizana wenyewe mahakamani. Mimi nalitazama kwa jicho jingine kabisa. Sisi hapa Tabora tunauza asali, tunanunua kwa wafugaji nyuki wa Sikonge na Urambo, tunachuja, tunafungasha, tunapeleka madukani mpaka Dar, na ukikaa upande huu wa biashara unaona wazi kwamba hesabu za uongo za duka kubwa mara nyingi zinaanzia kwenye hela ya yule aliyeleta mali. Nataka nilieleze hili vizuri maana linanikera na sioni likizungumzwa.

Tuanze na Tesco ya Uingereza kwa sababu ile ishu ilichunguzwa mpaka mwisho na kila kitu kipo hadharani. Hii ndiyo supamaketi kubwa kuliko zote kule, ilianza 1919 na mtu mmoja anaitwa Jack Cohen aliyekuwa anauza vyakula kwenye meza sokoni mashariki mwa London. Sasa tarehe 22 Septemba 2014 wakatoa tangazo kwamba faida ya nusu mwaka waliyokuwa wameshawaambia watu waitegemee ilizidishwa kwa pauni milioni 250. Bosi mpya, Dave Lewis, alikuwa hata mwezi hajamaliza kwenye kiti, na aliyeibua jambo lenyewe ni mfanyakazi wa ndani aliyeona hapana, hii haikubaliki, akapeleka taarifa. Siku hiyohiyo hisa zikaporomoka zaidi ya asilimia 11. Mwezi uliofuata walipochimba zaidi ikawa milioni 263, na ikajulikana uozo haukuwa wa nusu mwaka ile tu, sehemu kubwa ilitoka miaka ya nyuma.

Walifanyaje? Hapa ndo pa kukaa kidogo.

Supamaketi kubwa haipati hela kwa mteja peke yake, inapata na kwa sapulaya, yaani yule anayeiletea mali ya kuuza. Unataka bidhaa yako ikae kwenye rafu ya usawa wa macho, unalipia. Unataka iingie kwenye promosheni ya sikukuu, unachangia. Halafu kuna makubaliano kwamba wakiuza mzigo wako kufikia kiasi fulani kwa mwaka unawarudishia asilimia kadhaa. Yaani mimi mwenye asali ndo namlipa mwenye duka. Kama tumekaa tukakubaliana sioni tatizo, biashara ndo ilivyo. Tatizo ni lini ile hela inaandikwa kwamba imepatikana. Tuseme tumekubaliana wakifikisha katoni elfu moja Desemba nawarudishia kitu, leo ni Agosti wameuza katoni mia tatu, mhasibu anayemuogopa Mungu hawezi kuandika ile hela yote leo kama faida kwa sababu haijapatikana na huenda isipatikane. Tesco walikuwa wanaivuta ile ya mbele wanaiandika sasa hivi, na gharama nazo wanazichelewesha kuziandika, kwa hiyo vitabu vinapendeza, bosi anafurahi, wenye hisa wanafurahi. Kipindi kinachofuata kikifika ile hela imeshahesabiwa, kuna shimo, inabidi uvute kubwa zaidi ya ile ya kwanza ili ulizibe. Ni kama mtu anayekopa kwenye kikoba hiki akalipe deni la kikoba kile.

Na si kwamba hakuna aliyeona. Wakaguzi wao wa nje, PwC, kwenye ripoti ya Mei 2014, miezi michache kabla ya kulipuka, waliandika wenyewe kwamba eneo hili la hela za masapulaya linaweza kuchezewa. Likaandikwa, likasomwa, maisha yakaendelea.

Ila kinachoniuma mimi zaidi ni kilichotoka Januari 2016. Uingereza wana ofisi maalum ya kuangalia supamaketi kubwa zinavyowatendea masapulaya, na aliyekuwa anaiongoza wakati ule, Christine Tacon, alitoa ripoti nzima kuhusu Tesco. Akakuta walikuwa wanachelewesha kwa makusudi kulipa hela za watu ili mahesabu yao yakae vizuri. Soma tena hapo, kwa makusudi. Kuna waliokatwa hela kwenye malipo bila makubaliano, kuna bei zilizoingizwa vibaya kwenye mfumo zikaachwa hivohivo, na kuna sapulaya mmoja alikuwa anadai mamilioni ya pauni, wao wenyewe wamekiri kosa ni lao, na bado ilipita zaidi ya mwaka ndo akalipwa.

Nilipoisoma ile nilijiona mimi mwenyewe. Lipo duka moja kubwa silitaji jina, tulikuwa tunalipelekea asali kwa mali kauli, makubaliano siku 60. Siku 60 zikipita unapiga simu unaambiwa invoisi haijaingia kwenye mfumo, unatuma nyingine. Ukipiga tena mtu wa malipo yuko likizo. Malipo yakija yamekatwa, unauliza hii nini unaambiwa mchango wa promosheni, promosheni ipi, hakuna anayejua. Halafu wakati wa baridi wakaturudishia katoni kibao, chupa zimefunguliwa vizibo, eti asali imeganda kwa hiyo tumeweka sukari. Asali halisi inaganda jamani! Ya miombo inaganda, ukiiweka kwenye maji ya uvuguvugu inarudi kuwa laini, kila mtu Tabora anajua. Lakini wao walikuwa wameshaandika kwamba ni mali mbovu na gharama wameshatubebesha sisi, na huku Sikonge yule mzee aliyepanda juu ya mti usiku na moshi wake kushusha mzinga wa gogo ameshalipwa keshi, kwa sababu mfugaji nyuki huwezi kumwambia siku 60, anakupimia ndoo yake anataka hela yake mkononi. Kwa hiyo kati ya duka na mzee, aliyebeba deni ni sisi. Lile duka lilikuwa linajiendesha kwa mtaji wetu bila riba.

Kuna watakaosema hayo ni ya Wazungu. Haya, Uchumi je? Supamaketi ya Kenya iliyoanzishwa 1975, ikaanguka mara ya kwanza 2006, ikainuliwa, ikarudi kwenye soko la hisa, 2014 hisa zake zikaorodheshwa mpaka kwenye soko letu la hisa la Dar es Salaam. Mwishoni mwa mwaka huohuo ikauza hisa mpya ikakusanya shilingi za Kenya kama milioni 895. Juni 2015 bodi ikamfukuza mkurugenzi mtendaji na mkuu wa fedha, ukaguzi maalum ukaitishwa, na hasara ya mwaka ule ikatoka zaidi ya bilioni 3 za Kenya. Baadaye wasimamizi wa masoko ya mitaji ya Kenya wakaanza kuwachukulia hatua viongozi wa zamani. Na kabla ya hayo yote kuandikwa magazetini dalili ilikuwa inaonekana kwa macho, rafu zilikuwa zinabaki tupu kwa sababu masapulaya wamechoka kudai wakaacha kupeleka mali. Oktoba 2015 wakafunga maduka yote ya Tanzania na Uganda. Hapa Tabora hatujawahi kuwa na Uchumi, lakini kuna Watanzania walioachwa na invoisi mkononi pale Dar, wenye mikate, wenye mayai, wenye maziwa.

Nisiwe mtu wa kuzidisha chumvi, Tesco haikuyumba kwa hesabu peke yake. Aldi na Lidl, maduka ya Wajerumani yenye bei za chini, walikuwa wanawanyang'anya wateja miaka kadhaa, na huko Marekani Tesco walifungua maduka ya Fresh & Easy 2007 wakaondoka 2013 na hasara. Hesabu za uongo zilikuwa ni pazia la kuficha kwamba biashara imepungua nguvu. Pazia lilipoanguka, Aprili 2015 wakatangaza hasara ya pauni bilioni 6.4 na kabla ya hapo walishasema wanafunga maduka 43. Sehemu kubwa ya ile hasara ilikuwa ni kukubali kwamba majengo na maduka yao hayana thamani iliyokuwa imeandikwa. Baadaye 2017 kampuni ikakubali kulipa faini ya karibu pauni milioni 129, na wenye hisa wakatengewa fidia ya kama milioni 85. Mabosi watatu wa zamani walifikishwa mahakamani na wote wakaachiwa, hakuna aliyetiwa hatiani.

Angalia fidia ilikokwenda, kwa wenye hisa. Yule Christine Tacon hakuweza hata kuwapiga faini kwa sababu mamlaka ya kutoza faini aliyapata Aprili 2015 na makosa yalifanyika kabla. Ila angalau masapulaya wa kule walikuwa na mlango wa kugonga, na baada ya ile ripoti Tesco ilibidi ibadilishe namna inavyolipa. Mimi nikichelewa kulipwa Dar namgongea nani? Kwenda mahakamani kwa ajili ya katoni za asali nauli na wakili vitamaliza hela yenyewe. Naamini kabisa tunahitaji ofisi ya namna ile, ambayo muuza asali wa Tabora au muuza mawese wa Kigoma anaweza kupeleka invoisi yake na duka likaitwa kujieleza.

Kwa sasa kwenye kikundi chetu tumekubaliana duka likipitisha tarehe ya malipo halipati mzigo mpya mpaka limalize ule wa zamani, hata waje na oda kubwa namna gani. Maduka mawili yamenuna. Moja limelipa.