Tulifunga Nne, Tukashuka

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa wa jumuiya.

Mwaka 2020 nilikaa jukwaani pale uwanja wa CCM Kirumba, hapa Mwanza, nikaiona timu yangu ikishinda mabao 4-2 na kushuka daraja jioni ileile. Mke wangu alikuwa nyumbani Kitangiri, kelele za uwanja zinamfikia kwa upepo. Akanipigia simu. "Hongera baba watoto, nimehesabu kelele nne." Nikamwambia tumeshuka. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa zile nne nilizosikia zilikuwa za nini?"

Kwa msiofuata mpira, mambo yalikuwa hivi. Mbao FC ilimaliza msimu ule pabaya kwenye msimamo, ikabidi icheze mchujo na Ihefu ya Mbarali, iliyokuwa inatafuta kupanda. Mechi ya kwanza, kwao, tulifungwa 2-0. Marudiano, kwetu, tukawafunga 4-2. Ukijumlisha ni nne kwa nne. Kanuni ilisema mabao yakilingana anapita aliyefunga mengi ugenini. Wao walifunga mawili Kirumba, sisi kule Mbarali hatukufunga hata la kusingiziwa. Wakapanda, tukashuka, na Mbao haijaiona tena Ligi Kuu. Mwaka uliofuata Ulaya waliifuta kanuni ile ya bao la ugenini katika mashindano yao. Nilipoisikia habari hiyo redioni nilizima redio.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya Jumatano iliyopita. Mtakumbuka kwamba tulipofika kwenye mahitaji ya maombi, baada ya wagonjwa na ada za shule, kijana wetu mmoja aliomba tuiombee timu isiangukie kwenye mchujo. Baadhi yetu tulicheka. Mimi nilicheka zaidi, na nadhani ndiyo sababu nikakabidhiwa tafakari ya wiki hii.

Someni Matendo ya Mitume 1, kuanzia mstari wa 15 hadi wa 26.

Petro anasimama kati ya ndugu wapata mia na ishirini. Kuna nafasi moja wazi, na wote mle ndani wanajua imekuwaje ikawa wazi: mwenzao Yuda aliuza mechi. Nasema hivyo kwa lugha yetu ya jukwaani, mnisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alipewa vipande thelathini vya fedha, na sasa hayupo. Petro anataja sifa za anayefaa kuziba pengo: awe amefuatana nao wakati wote, tangu ubatizo wa Yohana mpaka siku Bwana alipochukuliwa juu. Wanapatikana wawili, Yusufu aitwaye Barsaba na Mathiya. Luka hatuambii kwamba mmoja alikuwa na kasoro. Wote wametimiza masharti, na kwa hesabu za kwetu ni sare. Wanaomba, wanapiga kura, kura inampata Mathiya, naye anahesabiwa pamoja na wale kumi na mmoja.

Nimeisikia habari hii ikihubiriwa mara nyingi, na kila mara mhubiri hutoka mlangoni pamoja na Mathiya. Safari hii nimebaki ndani na Barsaba. Lakini kabla sijamfikia yeye lazima niseme kitu kuhusu Mathiya, kwa sababu Mbao ilianza kwa kuwa Mathiya.

Mbao ilipandaje Ligi Kuu mwaka 2016? Haikuwa kileleni mwa kundi lake. Siku ya mwisho ya Daraja la Kwanza, timu mbili zilizokuwa zinawania nafasi ya kupanda zilishinda kwa mabao ya ajabu, moja 8-0 na nyingine 7-0. Shirikisho likachunguza, likasema huu ni upangaji wa matokeo, timu zote nne, zilizoshinda na zilizofungwa, zikaadhibiwa na nafasi ikatuangukia sisi. Majina ya timu hizo sitayataja. Wanaokumbuka wanakumbuka, na adhabu yao walishaitumikia.

Siku ile tulicheza ngoma mpaka Mwaloni, kwenye soko la samaki ninakouzia. Jumapili yake nilisimama kanisani kwenye muda wa shuhuda nikasema Mungu ametenda. Nilisema hivyo kwa kipaza sauti. Haikunijia hata kidogo kwamba katika zile timu nne kulikuwa na vijana wengine wa miaka kumi na tisa ambao huenda hawakujua lolote lililopangwa, walioamka asubuhi wakiwa wachezaji na wakalala wakiwa hawana pa kuchezea. Nafasi yetu ilipatikana kwa aibu ya mwingine, nasi tukaiimbia. Ukirudi kwenye Matendo utaona hakuna anayeimba. Petro anamtaja Yuda kwa uzito, kama mtu anayehesabu mali iliyobaki baada ya nyumba kuungua. Mathiya mwenyewe hasemi neno. Anahesabiwa, basi, na jina lake halitajwi tena katika Agano Jipya lote.

Mwaka uliofuata ulitulevya zaidi. Tulifika fainali ya Kombe la Shirikisho, tukacheza na Simba kule Dodoma mpaka dakika za nyongeza, tukafungwa 2-1. Kwenye ligi, siku ya mwisho, tuliifunga Yanga 1-0 hapa Kirumba tukabaki. Toto African, wana Kishamapanda, ndugu zetu wa jiji hilihili, wakashuka msimu huohuo. Jirani yangu wa pale Mwaloni ni Toto tangu utoto. Nilimcheka wiki nzima. Kila akifungua gunia lake la dagaa nilikuwa na neno la kumchoma.

Mwaka 2020, siku ya pili baada ya zile nne zilizosikika hadi Kitangiri, nilifika sokoni nimeinamisha kichwa nikingoja zamu yangu ya kuchomwa. Yule jirani akanivutia kiti, akaniagizia chai ya rangi, akaniuliza bei ya dagaa wa Ukerewe imefika ngapi. Hakugusa mpira siku ile wala kesho yake. Nimesikia mahubiri mengi kuhusu rehema, na hiyo chai bado naikumbuka kuliko mengi yao.

Sasa Barsaba.

Alitimiza kila sharti. Miaka yote ile alikuwepo, mavumbini, kwenye njaa, kwenye dhoruba, bila kuwa mmoja wa wale kumi na wawili. Hatimaye jina lake likatajwa. Wakaomba, tena maombi mazuri, wakimwambia Bwana, wewe ujuaye mioyo ya watu wote. Kura ikampita. Nani hapa kwetu hajawahi kuwa Barsaba? Umefanya usaili wa kazi, mmebaki wawili, vyeti sawasawa, na simu haikupigwa. Na maumivu yanakuwa makubwa zaidi kwa sababu iliombewa. Ingekuwa bahati tupu ungesema bahati mbaya ukaenda zako. Hapa unaambiwa aliyeamua ni Mungu, naye hatoi maelezo.

Dada mmoja wa jumuiya aliniuliza kama mkristo anaruhusiwa hata kulitaja neno bahati. Nikampa mistari miwili akasome. Mhubiri 9:11 anasema si wenye mbio washindao katika michezo, na anamalizia kwamba wakati na bahati huwapata wote. Mithali 16:33 inasema kura hutupwa katika mikunjo ya nguo, lakini hukumu zake zote ni za Bwana. Akarudi akaniambia hii mistari miwili inavutana. Nikamwambia ndiyo, inavutana, na walioikusanya Biblia waliiacha yote miwili ndani. Mimi si mtu wa kuwasuluhisha. Nikiwa jukwaani namwelewa Mhubiri. Nikiwa nyumbani usiku nataka Mithali iwe ndiyo kweli.

Ila kuna jambo moja la kalenda. Kura ile ilipigwa kati ya Kupaa na Pentekoste, na kati ya siku hizo mbili kuna siku kumi tu. Halafu sura ya pili inafunguka na wote wako mahali pamoja, na mstari wa 4 unasema wote wakajazwa Roho Mtakatifu. Luka hamtaji Barsaba mle. Kama alikasirika akafunga mzigo wake akarudi Galilaya, ilimpita. Kama alibaki, akakaa na watu walioona kura ikimkataa, akawasalimia, akamsalimia na Mathiya, basi na yeye alijazwa. Nimejaribu kupiga picha ya zile siku kumi. Asubuhi ya kwanza ndiyo ngumu.

Mimi sikuwa Barsaba wa namna hiyo. Baada ya 2020 sikukanyaga Kirumba kwa miaka mitatu, na uwanja uko hatua chache tu kutoka ninapouzia. Nilikuwa nazunguka njia nyingine.

Aliyenirudisha ni baba yangu mdogo, shabiki wa Pamba, timu kongwe ya hapa Mwanza. Yeye aliiona Pamba ikiwa bingwa wa Muungano mwaka 1990, na akaiona ikishuka mwaka 2001. Baada ya hapo ni mchujo juu ya mchujo. Mwaka 2019 walikwama kwa Kagera Sugar, mwaka 2021 kwa Coastal Union, mwaka 2023 kwa Mashujaa. Mara tatu mlango unafunguka kidogo na kufungwa usoni. Halafu Aprili 2024, kule Arusha dhidi ya Mbuni, wakamaliza kazi kwa kushika nafasi ya pili na kupanda moja kwa moja, bila mchujo wowote, baada ya miaka 23.

Nilimuuliza baba mdogo aliishije miaka yote hiyo. Alikuwa mvuvi enzi zake, akanijibu kivuvi. "Mwanangu, mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaji kwenye taa. Utafanyaje? Unakaa ufukweni unashona nyavu."

Nikamtania, "Baba, miaka 23 unashona tu?"

"Nyingine zilioza," akasema. "Na wenzangu niliokuwa nakaa nao jukwaani, wengi nimeshawazika."

Hakuniambia kwamba ukisubiri utapata, na ninamshukuru kwa hilo. Hao aliowazika walisubiri vilevile. Mbao wangu nao wanasubiri, na sioni dalili. Nikiulizwa kuhusu kesho ya soka la jiji letu, nitasema tunajua kuzalisha wachezaji na hatujui kukaa na timu. Toto, Mbao, Alliance, hata Gwambina wa Misungwi waliopanda 2020 wakadumu msimu mmoja, wote wamepita Ligi Kuu kama wageni wa harusi. Pamba sasa iko mikononi mwa Jiji, na hilo linanipa matumaini kiasi, kwa sababu mfadhili mmoja akichoka timu hufa naye, na halmashauri haichoki kwa namna ileile. Lakini bajeti nayo ina mambo yake. Tutaona.

Neno dogo kwa vijana, na wazee wachache ninaowajua: kuombea timu yako ni jambo moja, kuombea mkeka wako ni jambo lingine. Mtu akifunga na kuomba huku ana tiketi ya kubeti mfukoni, ajiulize anamwomba nani.

Sasa nirudi kwenye Jumatano. Sisi tulipokuwa tunacheka, mama mwenyeji hakucheka. Alimwambia yule kijana asogee, akamwekea mkono begani, akaomba. Nilifungua jicho moja, naungama. Hakuomba timu ishinde. Aliomba kwa ajili ya wachezaji ambao mishahara hupungua au hupotea timu ikishuka. Akawaombea wazazi wao walioko vijijini wanaotumiwa pesa. Akamwombea yule mama anayeuza karanga na mayai ya kuchemsha getini, ambaye siku ya mechi kubwa ndiyo siku yake ya kodi ya nyumba. Akaomba kwa ajili ya timu itakayoshuka, yoyote itakayokuwa, kwamba asiwepo wa kuwacheka. Halafu akasema amina na kuuliza kama kuna aliyepungukiwa chai.

Nimekuwa shabiki karibu maisha yangu yote, na sijawahi kumwombea muuza karanga.

Kwa hiyo wiki hii kila mmoja wetu amtafute Barsaba mmoja anayemjua. Usimpelekee mstari wa Biblia. Mpelekee chai, umuulize bei ya dagaa.

Jumatano tutakuwa nyumbani kwangu, saa kumi na moja jioni, tutasoma Matendo sura ya 2. Kijana wetu ameomba radhi mapema, atachelewa kidogo kwa sababu ya mechi. Nimemwambia tutamngoja, na nimemwomba aninunulie karanga pale getini, za elfu mbili.