Uwate! Nilivyorudi kuruka upondo baada ya kano ya kisigino kukatika

Watu watatu waliniambia nilale. Wengine wanne waliniambia niuze pondo zangu nikanunue fimbo ya kutembelea. Shangazi yangu wa Lamu yeye alituma chupa ya mafuta ya karafuu, akaagiza nikandwe kisigino kila jioni mpaka kipate moto. Shangazi, nakupenda, lakini kano iliyokatika haikandwi. Ile chupa nilijipaka mabegani.

Mimi ni dereva wa basi hapa Hamburg, umri wangu miaka 52. Kwa wakongwe riadha huanza mtu akifika miaka 35, kisha mnapangwa kwa rika la miaka mitano mitano, kwa hiyo mimi nimo katika rika la 50 mpaka 54. Upondo, yaani kuvuka mtambaa wa juu kwa kujirusha na mti mrefu, nilianza kuruka nikiwa shule ya bweni huko bara, kwa mwanzi tulioukata wenyewe, tukiangukia magunia ya maranda ya seremala. Aliyekosa magunia alijua mwenyewe. Kabla ya kuumia nilikuwa navuka mita 3.40, jambo ambalo nimewaeleza abiria wengi wasioniuliza.

Julai 2024, mazoezini, nilikanyaga kushoto ya mwisho niruke, nikasikia pa! kisiginoni, kama mtu kanitupia mpira mgumu kwa nyuma. Nikageuka nimtukane. Hakuwepo mtu. Njia ilikuwa tupu, ila mwenzetu mmoja kwa mbali anakunywa maji. Baadaye niliambiwa wengi wanaokatika kano hii hugeuka hivyo hivyo kumtafuta aliyewapiga. Daktari alinilaza kifudifudi, akalibinya shavu la mguu wa kulia, unyayo ukacheza. Akalibinya la kushoto: kimya. Unyayo ulining'inia kama si wangu.

Hakunipasua. Mguu uliingizwa kwenye buti kubwa la plastiki lenye kabari chini ya kisigino, ili kidole kiangalie chini na ncha za kano zikutane, na kabari zikawa zinatolewa moja moja, wiki baada ya wiki. Kazini nililipwa mshahara wangu wote wiki sita, baadaye bima ikashika, pungufu kidogo. Fiziotherapia unatoa sehemu ya kumi ya gharama na ada ndogo ya cheti cha daktari. Si pesa ya kumtoa mtu machozi. Kilichonitoa machozi ni mizani, maana mama watoto aliona huko kuugua kwangu ni nafasi ya kunirudishia pilau zote nilizokuwa nazikataa. Nililala na buti kilo 79, nikaamka na kilo 86.

Mazoezi ya kunyanyua kisigino kila mtu anayajua, siyarudii. Nitasema tu kwamba usihesabu kwa siku wala kwa miezi, hesabu kwa kulinganisha na ule mguu usioumia. Wangu wa kulia ulinyanyuka mara 25 peke yake. Wa kushoto, mwezi wa kumi na moja, mara mbili, na ya pili ilikuwa ya kubembeleza.

Hapo ndipo likaja lile shauri. Mwenzangu wa klabu, simtaji kwa kuwa bado tunapanda gari moja kwenda mazoezini, aliniambia: "Kwani una mguu mmoja? Rukia wa kulia." Kwa mdomo ni rahisi. Asiyejua upondo aelewe kwamba anayeshika mkono wa kulia juu hurukia mguu wa kushoto, na mwili unapita upande mmoja wa upondo kama mlango unavyozunguka kwenye bawaba. Ukibadilisha mguu, sharti ubadilishe mikono, ubadilishe upande, ubadilishe na akili. Mimi nilibadilisha mguu. Jumamosi asubuhi, shimo la mchanga la kurukia mbali, upondo mfupi, hatua sita za kutembea haraka. Moja, mbili, tatu, nikaanza kufikiri kuhusu mikono. Nne, tano, nikasahau mguu. Sita, upondo umeshaingia mchangani, mkono wa kulia uko juu palepale ulipozoea miaka thelathini, na mguu wa kulia ndio umenirusha. Nikaupiga upondo kwa kifua, nikaukumbatia, nikazunguka nao mzima mzima kama mkwezi wa minazi aliyeshikwa na kizunguzungu, nikashuka nje ya mchanga kwa makalio, mbele ya darasa la watoto waliokuja kujifunza kuruka. Kisigino hakikuumia hata kidogo, kwa hiyo mwenzangu bado anadai shauri lake lilifaulu.

Disemba tukaenda nyumbani Lamu. Mtaalamu wangu wa viungo aliniruhusu kuogelea na kutembea, akanikataza kukimbia mchangani. Kuhusu dau hakusema kitu, na mimi sikumuuliza.

Ami yangu ana dau dogo la kuvulia. Tulikuwa tunapita Mkanda, ule mfereji mwembamba wa mikoko wa kuelekea Pate, maji yamejaa, upepo umekatika kati ya miti. Ami amezeeka, mgongo haumruhusu, basi nikachukua mimi upondo wa kusukumia dau. Kupiga upondo ni kazi ya mikono, mgongo na tumbo, miguu inasimama tu, kwa hiyo kwa mtu wa hali yangu ilikuwa zawadi. Siku ya kwanza nilichoka mpaka kijiko cha chai kikanitetemeka. Siku ya pili nikaanza kujiona nahodha. Siku ya tatu niliuchomeka kwenye matope, nikaulalia kwa uzito wangu wote, na kumbuka uzito wenyewe, nikasukuma. Dau likaenda. Upondo ukabaki. Mimi nikachagua upondo.

Nilining'inia pale katikati ya maji, mikono juu, miguu inachezacheza, dau linazidi kwenda zake na ami amekaa nyuma ameshika usukani. "Uwate!" akapiga kelele. "Uwate, mwanangu! Uwate!" Kwa Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, kuwata ni kuacha. Sikuuwata. Nani anauacha upondo wake? Ukalala polepole, heshima yangu ikalala nao, maji yakanifika shingoni na kofia ikaelea mbele yangu. Ami alicheka mpaka akakosa mwelekeo, dau likaingia kwenye mikoko.

Usiku ule sikulala, na si kwa ajili ya mbu. Nilichofanya pale Mkanda ni mruko wenyewe, umetolewa mbio na umetolewa mguu! Dau ndilo lililokimbia kwa niaba yangu. Mikono iko juu imenyooka, mwili unabembea, tumbo linafanya kazi yote, kano imepumzika. Na lile kosa la kung'ang'ania lilikuwa kosa langu la siku zote. Kocha wangu wa Hamburg, mzee wa miaka 71, amenipigia kelele miaka kwamba nikifika juu siuachi upondo, nauvuta, kiwiko kinagusa mtambaa, mtambaa unaanguka. Amenieleza kwa maneno, kwa picha, na mara moja kwa kunipiga kofi la mkono. Halikuniingia mpaka nilipokunywa maji ya Mkanda.

Kesho yake nikamwomba ami tufanye makusudi. Tukaenda upande wa Manda kwenye fungu la mchanga, maji ya kiunoni, tukayachakura kwanza kwa miguu tufukuze taa, wale samaki bapa wenye mwiba mkiani, maana mwiba wa taa ungenipa jeraha lisilo na bima. Binamu yangu akawa anasukuma dau kwa nyuma, mimi nimesimama omo. Nachomeka upondo, dau linanipita chini, nabembea, napandisha magoti kifuani, nageuka, na ami kutoka ufukweni: "Uwate!" Naachia, naanguka majini mgongo au tumbo, lolote litakalotangulia. Tulifanya hivyo siku tisa, labda mara sitini kwa jumla. Gharama ilikuwa kahawa na mahamri, na kuvumilia watoto wa Shela wakinishangilia kwa jina ambalo sitaliandika.

Hamburg hakuna dau la bure. Nilifunga kamba kwenye boriti ya ukumbi, nikapanda juu ya sanduku la mazoezi la mita moja hivi, nikawa nabembea kutoka hapo, nikiangukia godoro. Jioni nne kwa wiki, huku wenzangu wakikimbia nje kwenye baridi. Machi nikaruhusiwa kukimbia kidogo. Mei mguu wa kushoto ukafika mara 18, mtaalamu akasema sawa, lakini mbio fupi. Zamani nilikuwa nakimbia kushoto saba, maana sisi tunahesabu mguu wa kurukia tu. Sasa kocha akanipa kushoto nne, hatua nane. Nilinuna wiki nzima.

Tatizo likawa upondo. Kila upondo wa nyuzi za kioo una urefu wake na uzito wa mrukaji vilivyoandikwa juu, na ule wangu wa mita 4 umeandikwa kilo 80. Anayezidi uzito huo anajitafutia kuvunjikiwa hewani. Mpya ni zaidi ya yuro mia tano, na mama watoto alinitazama kabla sijamaliza kuitaja hesabu. Nikaazima wa mita 3.70 wa kilo 85, nikapunguza pilau kilo mbili nifike 84, basi. Kwa kushoto nne na mshiko wa chini ulikuwa haupindi hata kwa kuombwa. Mgumu kama boriti. Vijana wakacheka. Nikawaambia Mmarekani Cornelius Warmerdam alivuka mita 4.77 mwaka 1942 kwa mwanzi, hawakumjua. Kumbe mimi ule ugumu ulinifaa, kwani ulikuwa sawa na wa ule upondo wa ami. Nilijua kuning'inia juu ya kitu kisichopinda.

Mashindano ya wakongwe ya mkoa yalikuwa Septemba 2025, mwezi uleule ambao Duplantis, mruka upondo wa Sweden, alivuka mita 6.30 kule Tokyo. Sisi rika letu tulikuwa wanne, na mtambaa ulianzia mita 2.30. Nilipasha moto nusu saa nzima, kisigino kikasema kiko tayari, moyo ukasema haukijui. 2.30 nilivuka. 2.50 nilivuka mara ya pili. 2.70 nikaangusha mara mbili, zote kwa kiwiko. Ya tatu, saa imeshawashwa, nimesimama mwanzo wa njia na nywele za mikono zimesimama kuliko mimi. Nikakimbia. Moja, mbili, tatu, nne, nikachomeka, nikaning'inia, miguu ikaja juu, nikageuka, na pale pale nikajisikia napiga kelele kwa sauti ya ami: "Uwateeee!" Mkono ukafunguka. Upondo ukarudi nyuma, mimi nikaenda mbele, mtambaa ukatikisika ukabaki. Mwamuzi alikuja mbio kuniuliza nimeumia wapi.

2.80 niliangusha zote tatu, na ya mwisho haikukaribia hata kidogo, tusiizungumze. Nikawa wa tatu. Wa nne hakuvuka kitu, lakini medali ya shaba haina maandishi ya kueleza hayo.

Mwenzangu wa lile shauri la kubadilisha mguu ndiye aliyenipiga video. Usiku nikamtumia ami kwa simu, nikamwandikia: tazama, safari hii nimeuwata. Akakaa kimya saa nzima, nikadhani ameguswa. Kisha sauti yake ikaja, sekunde chache tu, nyuma yake nasikia watu wa barazani wakicheka:

"Nimeona, mwanangu. Upondo umeuwata. Na mashua i wapi?"